Ndoo

Jana usiku nimeimaliza riwaya kwa taa ya simu, stima zikiwa zimepotea mtaa wetu wa Langoni, Lamu, kote. Ni Little Fires Everywhere ya Celeste Ng, iliyotoka mwaka 2017. Akina Richardson wa Shaker Heights, Ohio, wana kila kitu mahali pake. Wapangaji wao ni Mia, msanii wa picha asiyekaa mji mmoja, na bintiye Pearl. Lakini mimi nimekwama kwa Bebe Chow, mhamiaji kutoka China, aliyemwacha mwanawe kituo cha zimamoto kwa ufukara. Mtoto akiitwa May Ling. Waliomchukua wakamwita Mirabelle. Bebe akarudi kumdai, wakafika mahakamani, na jaji akawaachia wale wenye uwezo.

Hapo nilikifunga kitabu, nikalia.

Nimezaliwa Malindi. Nilipokuwa na miaka mitatu, mama alinipa dada yake wa Lamu, ambaye hakujaliwa mtoto. Hakuna karatasi iliyoandikwa. Mama mkubwa ndiye aliyekesha nami nilipougua surua, ndiye aliyenipeleka chuoni. Watu husema kulea mimba si kazi, kazi kulea mwana. Kwake yeye naukubali msemo huo, ila kila nikiutamka nahisi namkosea yule mwingine.

Likizo moja nikiwa na miaka tisa nilipelekwa Malindi. Nikamwita mdogo wangu uani, "Ndoo!", kama tunavyoitana Lamu tukimtaka mtu aje. Akakimbia, akaniletea ndoo ya maji, nyekundu, mkono wake umekatika na kufungwa kamba. Nyumba nzima ikaangua kicheko. Mama hakucheka. Alinitazama, mwiko mkononi, kisha akaigeukia sufuria, akakoroga mchuzi, akakoroga.

Miaka yote nilidhani nimemwaibisha. Jana ndipo nilipofahamu: alikuwa amemsikia mwanawe akizungumza kama mtoto wa watu.

Mwishoni Bebe anamchukua mtoto usiku na kurudi naye China. Nilimtakia afanikiwe tangu mwanzo, na alipofanikiwa sikufurahi, kwa sababu nilimwona mama mlezi akiamkia kitanda kitupu, na uso niliomvika ulikuwa wa mama mkubwa.

Idi hii nitakwenda Malindi. Nina swali moja tu kwa mama. Siku ile aliponikabidhi gatini Mokowe, boti ya kwenda Lamu ilipong'oa nanga, alisimama pale mpaka isionekane?