Mpangaji Naye Ana Haki ya Jua: Nilivyofunga Sola Kwenye Roshani Yangu Ujerumani

Nimepanga ghorofa ya tatu, vyumba viwili na jiko, katika mji mmoja karibu na Dortmund. Paa si langu, ukuta wa nje si wangu, na hata vyuma vya roshani, kwa mujibu wa mkataba, ni mali ya mwenye nyumba. Kwa miaka mingi nilikuwa nikisikia kwamba serikali ya Ujerumani inawalipa wanaozalisha umeme wa jua, nikawa nayaweka mambo hayo kwenye fungu la wenye majumba yao. Leo paneli mbili zimefungwa kwenye roshani yangu, zimesajiliwa kwa jina langu, na bili imeshuka. Naandika kwa sababu wenzangu wa huku wananiuliza nilipitia wapi, na ndugu zangu wa Tanga wananiuliza swali jingine kabisa, ambalo nitalijibu pia.

Kwanza nieleze motisha yenyewe ilivyo, maana wengi wanaielewa nusu. Sheria kubwa inaitwa EEG, yaani sheria ya nishati jadidifu, na ilianza kutumika tarehe 1 Aprili 2000. Inampa mzalishaji mdogo mambo mawili: mwenye gridi hana hiari, lazima apokee umeme wake, na bei atakayolipwa imepangwa kisheria, haitikisiki kwa miaka 20. Mtaa wa pili yupo mzee mstaafu aliyefunga paneli zake mwaka 2004. Yeye alipewa senti 57.4 kwa kila uniti aliyoingiza kwenye gridi, zaidi ya mara tatu ya bei aliyokuwa akinunulia umeme wa kupikia chai yake. Haki yake ya bei hiyo ilikwisha tarehe 31 Desemba 2024. Shemeji yangu, ambaye ana nyumba yake upande wa Bielefeld, aliwasha mtambo wake Machi 2024 na analipwa senti 8.11 kwa ziada anayouza. Sheria ni ile ile, paa ni paa, lakini bei imeshuka mara saba.

Na hela ya kumlipa mzee ilitoka wapi? Kwetu sote. Kila bili ya umeme ilikuwa na tozo yake, na mwaka 2017 ilifika senti 6.88 kwa uniti. Tozo hiyo ilifutwa Julai 2022, sasa mzigo unabebwa na bajeti ya serikali. Kwa hiyo mimi mpangaji nisiye na paa nilikuwa nachangia paa la mzee kila mwezi. Sina kinyongo naye. Alinunua paneli wakati zikiwa ghali mno, na wanunuzi wa aina yake ndio waliovipa viwanda soko hadi bei ikaporomoka, tukaja kununua sisi. Ila ndiyo sababu nilipogundua kwamba na mimi nimewekewa mlango, sikutaka kuupita hivi hivi.

Mlango wa mpangaji hauna senti za kuuza. Fanya hesabu: mimi nanunua uniti moja kwa senti 34. Nikiiuza, hata kwa bei ya shemeji, napata nane. Uniti ninayoitumia mwenyewe ndani ina thamani mara nne ya ile ninayoitoa nje. Kwa mitambo hii midogo ya kuchomeka kwenye soketi, karibu kila mtu anaacha kabisa habari ya kudai malipo. Ziada inakwenda kwenye gridi bure na karatasi zinapungua. Motisha ya kweli ni vizuizi vilivyoondolewa kimoja baada ya kingine. Januari 2023 VAT ya asilimia 19 ilishushwa hadi sifuri kwa paneli, inveta (kifaa kinachogeuza umeme wa paneli uwe wa kutumika nyumbani) na betri za nyumbani. Kodi ya mapato nayo haiigusi mitambo midogo. Tarehe 16 Mei 2024 ikaja sheria iliyoruhusu inveta ya hadi wati 800 na paneli za hadi wati 2,000, na kukuondolea wajibu wa kumwandikia mwenye gridi. Halafu tarehe 17 Oktoba 2024 likaja lile lililonigusa mimi: sola ya kuchomeka iliingizwa kwenye kifungu cha 554 cha sheria ya kiraia, miongoni mwa mambo ambayo mpangaji anaweza kudai aruhusiwe. Mwenye nyumba akitaka kukataa, lazima aonyeshe kwamba si haki kumtwisha jambo hilo.

Kabla ya kifungu hicho nilikuwa nimeshauliza. Kampuni inayosimamia jengo letu ilinijibu sentensi mbili: hairuhusiwi, muonekano wa jengo. Baada ya Oktoba niliandika upya, safari hii nikitaja kifungu, nikaambatanisha picha ya roshani, vipimo vya paneli, uzito wake, aina ya vishikizo na jinsi waya utakavyopita. Hawakukataa tena. Walileta masharti: ripoti ya mhandisi kuhusu uimara wa vyuma, fundi umeme mwenye leseni, bima, na amana ya mamia ya euro kwa ajili ya siku nitakapohama.

Hapo ndipo nilipokwenda kwenye chama cha wapangaji. Karibu kila mji wa Ujerumani una chama cha namna hii, unalipa ada ya mwaka na mwanasheria wao anakusomea barua zako. Mama yule aliyesoma zangu alinipa mwongozo ambao naurudia kwa kila anayeniuliza: sheria inampa mwenye nyumba sauti juu ya *namna* ya kufunga, haimpi sauti ya kuligeuza jambo liwe ghali hadi lisiwezekane. Basi nikakubali bima ya dhima, ambayo tayari ninayo na inagharimia kitu kikianguka kikamdhuru mtu. Nikakubali kuziondoa paneli nikihama na kuacha kila kitu kama nilivyokikuta. Nikakubali rangi nyeusi zifanane na za jirani wa chini atakapofunga zake. Ripoti ya mhandisi niliikataa, nikawapa badala yake karatasi ya mtengenezaji wa vishikizo inayoonyesha uzito na upepo vinavyohimiliwa. Sharti la fundi nililikataa pia, maana kifaa hiki kimeundwa ili mtu wa kawaida akichomeke mwenyewe. Amana hawakuigusia tena. Saini ikaja.

Usifunge kabla ya saini. Wapo waliofunga kwanza kwa kuwa sheria iko upande wao. Haki uliyopewa ni ya kudai ruhusa. Kufunga bila ruhusa ni jambo jingine, na unaweza kuamriwa uzishushe.

Wakati barua zinakwenda na kurudi, nilifanya kazi moja ambayo naiona ya maana kuliko kuchagua paneli: nilipima nyumba yangu inakula kiasi gani mchana tukiwa hatupo. Friji, kisanduku cha intaneti, televisheni iliyolala, saa ya jiko. Kwangu ilikuwa kati ya wati 90 na 130. Hiki ndicho kiwango ambacho jua litalipia kila siku bila mimi kuinua kidole. Kinachozidi hapo lazima nikitafutie kazi, la sivyo kinakwenda kwa jirani bure. Mtu anayeishi peke yake na kushinda kazini hadi jioni hahitaji kujinunulia paneli nne kwa sababu sheria inaruhusu wati 2,000. Mimi nilichukua mbili za wati 430, inveta ya 800, vishikizo na waya, vyote chini kidogo ya euro 460. Miji na majimbo kadhaa yaliwahi kutoa ruzuku juu ya hapo. Berlin iliwapa watu hadi euro 500. Mji wangu ulikuwa na fungu dogo, lilikuwa limekwisha nilipouliza.

Kufunga kulichukua asubuhi moja pamoja na rafiki yangu wa Mombasa asiyeogopa urefu. Paneli moja ina kilo zaidi ya 20, na kwenye roshani upepo unaishika kama tanga la jahazi, kwa hiyo kamba ya usalama inafungwa kwanza kabla ya bolti yoyote.

Usajili ni rahisi kiasi cha kushangaza kwa nchi hii. Kuna daftari la taifa la mitambo ya umeme, Marktstammdatenregister, chini ya mamlaka ya gridi, Bundesnetzagentur. Unaingia, unachagua sola ya kuchomeka, unajaza wati za paneli, wati za inveta, namba ya mita na tarehe uliyowasha. Ni bure, na una mwezi mmoja tangu siku ya kuwasha. Mwenye gridi anapata taarifa kutoka huko huko. Ukikutana na mtu anayetaka hela kukusajilia, mwache.

Mita yangu ilikuwa ya zamani, ile yenye sahani inayozunguka. Sheria ya 2024 inakuruhusu kuanza hata kama mita hiyo inarudi nyuma jua likiwa kali, mpaka waje kuibadilisha. Nakiri niliisimamia kwa raha nikiiangalia ikirudi kinyumenyume. Wakaja wakaweka ya kidijitali, ambayo ziada haiirudishi nyuma tena. Mita hii mpya inaonyesha jumla tu. Ukitaka kuona wati zinazopita saa hiyo hiyo, unaomba namba ya siri kwa mwenye mita, kisha unaiingiza kwa kumulika tochi: mimulo mitatu kwa namba 3, pumzika, mimulo saba kwa namba 7. Mke wangu alinikuta ukumbini chini nikimulika ukuta, akauliza kama nawaita dagaa. Lakini ifanye kazi hiyo. Ukishaona wati, tabia inabadilika yenyewe.

Sasa makande na maharage yanapikwa mchana wa jua, kwenye sufuria ya umeme ya presha, na siyo saa moja jioni. Mashine ya kufulia inaanza saa tano na nusu. Vitu viwili vikubwa haviwashwi pamoja, maana inveta inatoa 800 na kinachozidi kinanunuliwa. Mwaka wa kwanza paneli zilitoa kama uniti 560. Zimesimama wima, hazijalala, kwa hiyo zinatoa pungufu ya paneli za paa. Tulitumia wenyewe karibu 390, sawa na euro 130 hivi ambazo hatukulipa. Kifaa kitakuwa kimejilipa kabla ya mwaka wa nne kwisha. Desemba na Januari usitarajie kitu. Kuna siku paneli hazikutosha hata friji.

Kwa wenye nyumba zao njia ni nyingine, na nimeifuata kwa karibu kupitia shemeji. Bei inapungua asilimia moja kila miezi sita, na kwa mitambo mipya ya paa, tangu mwishoni mwa Februari 2025, saa ambazo bei ya soko inashuka chini ya sifuri hakuna malipo. Sababu unaiona ukitembea mtaani: mapaa ni mengi, na Jumapili ya Mei mchana kila mtu anataka kuuza. Shemeji aliwasha kabla ya hapo, kanuni hiyo haimgusi, lakini hata yeye uniti anayoitumia ndani inamfaa kuliko ya kuuza. Kwa hiyo, pamoja na senti zake nane za miaka 20, naye amekuwa mtu wa kupangilia mashine ya kufulia kama mimi.

Sasa Tanga. Mdogo wangu aliona picha akasema, "Kaka, hizo za kuchomeka tu zipakie kwenye kontena, nitachomeka hapa sebuleni." Nilimwambia hapana, kwa sababu mbili. Ya kwanza, inveta ya aina hii inafuata gridi. Umeme ukikatika inajizima ndani ya sehemu ya sekunde, na imewekewa hilo makusudi, ili fundi aliye juu ya nguzo asipigwe na umeme utokao sebuleni kwa mtu. Ina maana siku ya mgao, saa sita mchana, jua likiwaka kwa hasira, wewe huna kitu. Ya pili, mita nyingi za kulipia kabla hazikutengenezwa kutambua umeme unaorudi; nyingine huuhesabu kama umeutumia, na LUKU yako inaisha kwa jua lako mwenyewe. Kuunga mtambo kwenye gridi bila makubaliano na TANESCO pia ni kujitafutia kesi. Kenya sheria ya nishati ya 2019 imeweka utaratibu wa wateja kurudisha ziada kwenye gridi na kufidiwa kwenye bili, lakini nako unaanza na mkataba na msambazaji.

Nyumba ya Tanga inahitaji inveta yenye betri, inayoweza kusimama peke yake gridi ikilala. Hiyo inapatikana huko huko, kwa fundi ambaye kesho ikisumbua utamkuta. Hela ambayo ingekuwa ya kusafirisha mzigo nilimtumia yeye, akaanzia na betri.