Siku moja shambani Molo: pareto iko tayari lini

Saa 12:00 asubuhi. Ukungu bado umelala juu ya Molo, Kenya. Huku juu, kama mita 2,500 kutoka usawa wa bahari, vidole hufa ganzi kabla havijagusa ua la kwanza la pareto, ua ambalo sumu yake hutengenezewa dawa ya kuua wadudu. Hakuna anayechuma saa hizi kwa sababu umande umejaa. Hii ni saa ya kukagua na kuamua: leo tunachuma sehemu ipi, na ipi tunaiacha.

Shamba tumeligawa sehemu tatu. Naingia kila moja kutoka pembeni na kuikata hadi pembe ya pili. Kila baada ya hatua kumi nainama, nachukua ua la kwanza ambalo mkono umegusa kwenye shina lililo mbele yangu, natia kikapuni. Maua 20 kwa kila sehemu. Sichagui. Ukichagua, macho yatavutwa na maua makubwa meupe, utahesabu 15 yaliyokomaa kati ya 20, halafu mchana wachumaji wanaingia humo na kukuta nusu ya shamba bado ni vitumba.

Halafu nakaa juu ya gunia na kuyaangalia moja moja.

Petali nyeupe ndizo ambazo wengi huangalia, na zinasaidia kidogo. Zikiwa zimesimama wima kama vidole vya mkono unaojikunja, ua ni changa. Zikilala sawa pande zote kama sahani, muda umekaribia au umefika. Zikianza kuning'inia chini na kunyauka, umechelewa. Ila petali hazina sumu ya maana. Kinachonunuliwa kiko kwenye jicho la njano la katikati, na hilo ndilo la kusoma.

Jicho hilo ni mkusanyiko wa vijiua vidogo mno, vimepangwa mistari ya duara, na hufunguka kuanzia nje kwenda ndani. Kijiua kilichofumba hung'aa kama kichwa cha pini. Kilichofunguka kina mdomo wenye ncha tano, na ukikipitisha kwenye kidole kinaacha vumbi la njano. Kwa hiyo nahesabu mistari iliyofunguka. Mmoja: bado. Mitatu hadi minne, huku katikati kukiwa na vidoto vichache vilivyofumba: hilo ndilo ua la kuchuma. Yote imefunguka na jicho limevimba kama kifuniko cha chupa: lichumwe leo, lisisubiri kesho. Jicho limekuwa la kahawia na petali zinang'oka zenyewe: limepita.

Ukitaka kujua kwa nini, lipasue ua kwa ukucha wa kidole gumba kutoka juu hadi kwenye kitako. Chini ya kila kijiua kuna kimbegu cheupe chenye ukijani. Kwenye ngozi ya kimbegu hicho ndiko vijifuko vya mafuta vilipo, na zaidi ya asilimia 90 ya pairethrini, yaani ile sumu ya wadudu, imo humo. Ua likiwa kitumba, vimbegu ni vidogo na vifuko havijajaa. Kadiri mistari inavyofunguka ndivyo vinavyojaa, na uzito wa ua unapanda pia. Anayechuma mapema anapoteza mara mbili: kilo zinapungua, na ndani ya kila kilo asilimia ya sumu iko chini. Anayechelewa naye, vimbegu vinakauka na kuanza kudondoka chini, na vinavyobaki vinafika ghalani vikiwa vimepukutika nusu.

Kipimo chetu ni hiki. Kati ya maua 20, yakikomaa chini ya 5, sehemu hiyo tunaiacha siku nne au tano zaidi. Yakiwa 5 hadi 10, tunachuma. Na hata kama yaliyokomaa ni machache, nikikuta mawili au matatu yaliyopita, tunachuma siku hiyohiyo, maana mzunguko umetuponyoka. Leo sehemu ya kwanza ina 8, ya pili ina 3, ya tatu ina 6 pamoja na moja lenye jicho la kahawia. Tutaanza na ya tatu, kisha ya kwanza. Ya pili inasubiri.

Watu huuliza kwa nini tusichume mara moja kwa mwaka kama wanavyofanya Tasmania, Australia, ambako mashine hupita shambani mara moja na kazi imekwisha. Pareto inahitaji usiku wa baridi ili ianze kutoa vitumba. Kule baridi huja kwa msimu, kwa hiyo maua hufunguka kwa pamoja. Sisi tuko karibu na ikweta lakini juu mlimani: baridi ya usiku ipo karibu mwaka mzima, na shina moja hubeba kitumba, ua changa, ua lililokomaa na ua lililozeeka siku moja. Mashine haiwezi kuyatenganisha. Ni lazima mkono, na ni lazima kurudi kila baada ya siku 14 hadi 21.

Saa 2:00. Chai na viazi, kisha vifaa. Vikapu vya kusuka vyenye matundu, si mifuko ya nailoni. Hili sina mjadala nalo. Ua bichi linapumua na kutoa joto na maji, na ndani ya nailoni joto hilo halina pa kutokea. Katika saa chache maua ya katikati yanaanza kuchacha, yanageuka kahawia na kutoa harufu ya majani yaliyooza. Ukishaisikia harufu hiyo, hakuna kukausha kutakakorudisha kilichopotea.

Glavu ziko kwa wanaozihitaji. Maji ya pareto huwasha ngozi ya watu wengine, hasa kati ya vidole na kwenye kope wanapojipangusa jasho. Aliyewahi kuwashwa asichume mikono mitupu eti amezoea. Mara nyingi mwasho unarudi na nguvu zaidi.

Saa 3:30. Jua limetoka lakini natikisa mashina matano juu ya kiganja. Matone yanaanguka. Tunasubiri.

Saa 4:00 kamili, kiganja kikavu. Tunaingia.

Namna ya kuchuma ni hii: vidole viwili vinapita chini ya ua, kikonyo kikiwa katikati yake, kidole gumba kinakaa juu ya jicho, halafu unavuta kwa kukunja mkono ili ua likatike palepale kitako kinapoanza. Kikonyo kinabaki shambani. Wanaovuta kwa haraka hurudi na maua yenye mikia ya sentimita tano, na mikia hiyo ni hasara inayohesabika. Chukua maua makavu yenye pairethrini asilimia 1.5. Ukiwa na kilo 10 na kilo 1 kati ya hizo ni vikonyo, ambavyo karibu havina kitu, kipimo cha gunia zima kinashuka hadi asilimia 1.35. Na malipo yanafuata kipimo. Umebeba, umekausha na kusafirisha kilo moja ya majani makavu ili ikupunguzie bei ya kilo tisa nzuri.

Kila mchumaji anashika mistari miwili, mmoja kila upande, na mikono yote miwili inafanya kazi. Kugumu ni kuacha. Mkono ukishapata mwendo unataka kusafisha shina lote. Binti mmoja ambaye hii ni wiki yake ya kwanza ameinua ua lenye petali pana kabisa, akimwonyesha Shosho, bibi tunayechuma naye.

"Shosho, hili nalo?"

"Liache, mjukuu. Angalia katikati, bado limefumba. Hilo ni la wiki ijayo."

Shosho haangalii petali hata kidogo. Anabonyeza jicho kwa kidole gumba: likiwa gumu na la kuteleza juu kama kitufe, anapita. Likikwaruza kidogo na kuacha unga, anavuta. Nimejaribu kumfundisha kila mgeni kuhesabu mistari kwanza, kisha kidole kinajifunza chenyewe.

Maua yaliyopita nayo hatuyaachi kwenye shina. Yakibaki yanazeesha shina bure. Yanachumwa kwenye mfuko wa pembeni na hayachanganywi na mazuri. Vitumba vilivyokauka vikiwa vyeusi navyo vinatolewa na kuchomwa nje ya shamba, maana ugonjwa wa vitumba husambaa haraka wakati wa baridi na unyevu.

Saa 6:00. Kila kikapu kinamwagwa baada ya saa mbili, kijae kisijae. Kabla ya kumwaga natumbukiza mkono hadi chini. Kukiwa na ubaridi, sawa. Kukiwa na vuguvugu, mchumaji huyo anabonyeza maua ili kikapu kibebe zaidi, na naongea naye palepale.

Saa 8:00. Wingu limepanda kutoka upande wa msitu wa Mau. Tunasimamisha kazi ingawa mistari sita ya sehemu ya kwanza imebaki. Heri maua makavu ya mistari michache kuliko yaliyoloa ya shamba zima. Kesho mistari hiyo itakuwa bado iko vizuri. Gunia lililonyeshewa halitakuwa.

Jumla mbichi ni kilo 62 kwenye mzani. Ua bichi lililochumwa bila umande lina maji karibu asilimia 78, na kavu tunataka liwe na asilimia 10 hivi. Ukipiga hesabu, kilo 4 mbichi zinatoa karibu kilo 1 kavu. Kwa hiyo nategemea kilo 15. Nikipata 12, ama tulichuma na umande ama tulichuma machanga, na nitajua pa kutafuta.

Saa 8:30 hadi saa 10:00 ni kutandaza. Trei zetu ni fremu za mbao za mita 2 kwa mita 1 zenye wavu chini, zimeinuliwa usawa wa kiuno ili hewa ipite pande zote. Trei moja inabeba kilo 4, si zaidi, na unene usipite sentimita 3. Juu kuna paa la nailoni angavu na chini yake neti ya kivuli. Neti hiyo wengine huiona gharama ya bure. Lakini pairethrini huvunjwa na mwanga wa jua. Hiyo ndiyo sababu dawa ya pareto ikipuliziwa nyumbani haikai siku nyingi, na hiyohiyo ndiyo sababu maua yaliyoanikwa juu ya turubai uwanjani, jua la moja kwa moja siku nne, hupimwa kiwandani na kuonekana yamepungua. Joto nalo lina kikomo: nimetundika kipimajoto, na ikipita nyuzi 50 tunafungua pande zote mbili. Kila baada ya saa moja maua yanageuzwa kwa mkono ulio wazi, bila kusugua, maana vimbegu vikipukutika vinapita kwenye wavu. Chini ya trei tunatandika kitambaa, na kinachodondoka tunakirudisha.

Saa 10:00. Sasa trei za siku tatu zilizopita. Kosa linalotupata sana liko hapa. Petali hukauka siku ya kwanza na ua zima linachakarika mkononi kama karatasi, mtu anasema tayari. Kitako bado kina maji. Yakifungwa hivyo kwenye gunia, unyevu unatoka kitakoni, na baada ya wiki mbili kuna ukungu mweupe katikati. Nachukua ua moja, nasugua jicho kati ya vidole viwili: likivunjikavunjika kuwa punje, nalipasua na kitako. Kikikatika kwa mlio, sawa. Kikipinda, kinarudi.

Halafu mzani. Trei moja tuliiwekea alama tangu mwanzo, ikiwa na kilo 4 kamili za maua. Jana jioni maua hayo yalikuwa kilo 1.1, leo ni kilo 1. Bado yanapoteza maji. Mzani ukisema namba ileile jioni mbili mfululizo, tunafunga. Hizi zinabaki hadi kesho. Zile za siku tano zimesimama palepale tangu jana, zinaingia ghalani.

Saa 11:00. Magunia safi ya katani yasiyowahi kubeba mbolea wala mbegu zenye dawa. Yanapangwa juu ya mbao, mbali na ukuta, chumba chenye giza na baridi. Kila gunia lina kikaratasi: sehemu, tarehe ya kuchuma, tarehe ya kufunga. Hatuyakalishi muda mrefu, kwa sababu hata gizani kipimo kinaendelea kushuka taratibu. Kiwanda kiko Nakuru mjini, si mbali, na hakuna sababu ya kungoja ghala lijae.

Saa 1:00 usiku. Daftari. Sehemu ya tatu: imechumwa, ukaguzi baada ya siku 12, mzunguko baada ya 15, maana leo ilianza kupita. Sehemu ya kwanza: mistari sita imebaki, kesho umande ukikauka. Sehemu ya pili: maua 20 tena baada ya siku nne. Pembeni naandika: mvua imeanza saa 9:20, kubwa, bila mawe. Mvua ya namna hii hufuatwa na asubuhi yenye maji mengi, kwa hiyo nimewaambia wachumaji wasije kabla ya saa 5.