Anajiitikia Mwenyewe

Siku ya 11 porini. Simu ina chaji asilimia 20. Kipande cha sola nimekiegemeza kwenye kichuguu tangu asubuhi, ila jua la kipupwe halina haraka na mtu.

Nimemfuata baba kurina asali. Pikipiki ilitushusha mbele ya kijiji cha mwisho upande wa Sikonge, pale njia inapokuwa ya baiskeli, na kuanzia hapo tukatembea, ndoo kichwani, mbung'o shingoni. Mama alitufungia unga, nsansa (mboga za majani zilizokaushwa) na matobolwa (viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa). Mimi ni mtoto wa mrina asali niliyefikisha miaka 34 bila kupanda mti wenye mzinga hata mmoja. Tabora mjini napiga gitaa kwenye harusi. Nilikuwa napiga, niseme hivyo, maana bendi yetu ilivunjika mwezi wa tatu kwa ugomvi wa spika, na habari za spika sizitaki hapa.

Simu yangu haina nafasi, kwa hiyo nilikuja na albamu moja tu: For Emma, Forever Ago, ya Bon Iver. Nyuma ya jina hilo yuko Justin Vernon, mtu wa Eau Claire, jimbo la Wisconsin, Marekani. Bendi yake nayo ilivunjika akiwa Raleigh, North Carolina. Akaugua mpaka ini likaguswa, akarudi kwao, na baridi ya 2006 kuingia 2007 akakaa kama miezi mitatu kwenye kibanda cha baba yake msituni. Akapasua kuni, akawinda paa, akarekodi. Alidhani anatengeneza sampuli tu za kuwaonyesha watu wa kampuni za muziki. Marafiki ndio waliomwambia aziache nyimbo zilivyo. Mwaka 2007 akazitoa mwenyewe, nyimbo tisa, na 2008 zikatolewa tena na kampuni ya muziki ya Jagjaguwar, zikasambaa duniani.

Mwaka jana ningekuambia nampenda kwa sababu ya ile sauti. Sasa nasikiliza zaidi namna alivyofanya. Alianza kwa kuimba milio isiyo na maneno, akapandanisha sauti yake juu ya sauti yake, kisha akakaa akiirudia mpaka silabi zikaanza kumletea maneno. Ndiyo maana ukiyasoma mashairi yake peke yake unabaki unajiuliza huyu bwana anasema nini.

Usiku wa tatu nilimwekea baba. Tulikuwa tumeota moto, ndoo mbili za masega zimefunikwa majani. Akasikiliza huku akichokonoa miba kwenye kisigino.

"Huyu mama analilia nini?"

"Ni mwanaume, baba."

Akanyamaza. Baadaye akauliza, "Na hao wenzake?"

"Hana wenzake. Zote hizo ni sauti zake."

Akaacha kuchokonoa. "Anajiitikia mwenyewe?"

Sikuwa na jibu. Baba amekulia kwenye muziki wa Kiko Kids na Tabora Jazz, muziki ambao gitaa moja likiuliza lingine linajibu, na hata mlevi wa mwisho ukumbini anajua zamu yake kwenye kiitikio. Kwake, mtu kuanzisha wimbo na kuuitikia yeye mwenyewe ni sawa na kucheza bao peke yako: unaweza, lakini majirani watamwita mjomba wako. Nikamweleza kwamba hata jina Bon Iver limetokana na salamu ya Kifaransa ya kutakiana baridi njema, ambayo Vernon aliisikia kwenye tamthilia ya televisheni alipokuwa mgonjwa, akaiandika kwa tahajia yake. Hapo baba akatikisa kichwa kwa huruma kabisa. "Kumbe alikuwa anasalimia."

Tangu usiku ule siisikii albamu kama zamani. Wanaosimulia habari za kile kibanda hupenda awe peke yake mwanzo mpaka mwisho. Lakini sikiliza wimbo wa For Emma: kuna tarumbeta na tromboni, na waliopuliza si yeye. Zamani sehemu hiyo ilinikera, niliona inaharibu ukimya. Sasa naisubiri.

Jambo jingine. Baba akipanda mti huwa anaguna. Mwenge wa moshi mkono mmoja, kamba kiunoni, mzinga wa gome unavuma juu ya kichwa chake (mizinga ya magome inaua miti, anajua, ana ya mbao pia, ila anasema nyuki wake hawaipendi), na yeye anatoa mlio mmoja wa chini, unaopanda kidogo na kushuka. Nilimuuliza maneno yake ni yapi.

"Maneno ya nini? Nyuki wanajua Kinyamwezi?"

Nikauchukua mlio ule. Usiku, baba akiwa amelala, niliurekodi kwa simu chini ya blanketi, nikaweka sauti ya pili, halafu ya tatu. Nyenje waliingia wote bila kualikwa. Maneno hayajaja. Nimeurudia, nimeurudia tena, chaji ndiyo hiyo imebaki asilimia 20.

Tabora mjini, siku sita baadaye. Tumerudi na ndoo saba. Wimbo una dakika tatu na nusu, bado hauna neno hata moja, na nimeusikiliza labda mara 50. Jana nikaupeleka kwa dada yangu aliyeolewa Kigoma, nikamwandikia asiniogope, aseme ukweli. Nikakaa na simu mkononi mpaka treni ya jioni ikapita.

Alijibu saa tatu usiku: "Hicho kikohozi cha baba kimeanza lini?"