Siku moja maishani mwangu: natengeneza dizeli kwa mafuta yaliyokwisha kukaangia

Saa 11 alfajiri nafungua koki ya chini ya pipa la jana. Gliserini, masalia ya mafuta yanapogeuzwa dizeli, hutangulia kutoka, nyeusi na nzito, maana usiku kucha imekuwa ikizama chini ya biodizeli, ile dizeli ninayoitengeneza. Rangi ikigeuka ya dhahabu, nafunga. Kisha naanza kuosha: maji ya uvuguvugu nayanyunyiza polepole kwa juu, yashuke yenyewe yakibeba sabuni na mabaki ya methanoli, alkoholi kali ninayoitumia kugeuza mafuta. Maji haya ya kwanza hayataki kukorogwa. Ukiyakoroga yanashikana na mafuta yakawa kama maziwa, na kuyatenganisha ni kazi ya kutwa.

Saa 1 na saa 2 zinapita kwa kuosha, kusubiri na kumwaga.

Saa 3 kijana analeta pipa la mafuta kutoka mgahawani. "Shikamoo. Leo nimekuletea masafi kabisa." Nampokea vizuri, lakini simwamini mtu kwa macho. Nachota kidogo, naweka kwenye sufuria na kupasha hadi joto lipite nyuzi 100. Yanalia na kuruka. Ni maji, tena mengi. Mtu kamwagia humo maji ya kuoshea vyombo, na sasa siku yangu yote imebadilika.

Hapa ndipo watu wasipoielewa kazi hii. Wanadhani ugumu uko kwenye kemikali, kumbe adui mkubwa ni maji. Maji yakikutana na kostiki soda, kemikali inayochochea mafuta yageuke, ndani ya mafuta, unapata sabuni badala ya dizeli. Kwa hiyo nachuja makombo kwa kitambaa, nawasha hita ya umeme (moto wa wazi hauruhusiwi karibu na kazi hii), napasha hadi nyuzi 60, nazima, nayaacha yatulie, nayamwaga maji yaliyozama, halafu nawasha tena na kuyazungusha mafuta kwa pampu yamwagike kutoka juu ili unyevu utoke kwa mvuke. Napima, bado yanalia. Nazungusha tena. Mgongo unauma, jasho limenijaa machoni, na hakuna hatua ya kuruka.

Katikati ya hayo jirani anaingia. "Ndugu yangu, kwa nini ujitese? Si umimine tu kwenye tangi? Mwaka 1900 pale Paris injini ya dizeli ilionyeshwa ikitumia mafuta ya karanga." Hilo ni kweli, namkubalia. Lakini mafuta ya mimea ni mazito kutiririka mara 10 hivi kuliko dizeli, na nozeli zinazonyunyiza mafuta kwenye injini za leo zina matundu membamba mno. Yatapita siku chache, kisha yaache utandu na masizi. Ninachofanya mimi ni kuing'oa gliserini kwenye mafuta na kuweka methanoli mahali pake, ili yawe mepesi.

Alasiri imekwisha anza kuisha ndipo sufuria inanyamaza. Sasa napima ukali wa asidi: mililita 1 ya mafuta ndani ya mililita 10 za isopropanoli (aina ya spiriti), kiashiria kidogo cha kubadili rangi asidi ikiisha, halafu tone kwa tone maji safi ya betri (yale yasiyo na asidi) yenye gramu 1 ya kostiki kwa lita, hadi rangi ya waridi idumu. Zimeingia mililita 2.5, yaani gramu 2.5 za kostiki kwa kila lita ya mafuta. Naongeza 3.5 ambazo hata mafuta mapya huhitaji: gramu 6 kwa lita, yaani gramu 240 kwa lita zangu 40.

Methanoli lita 8, ndani yake nayeyusha ile kostiki. Hapa sizungumzi na mtu. Navaa miwani na glavu ndefu, nafanyia nje, watoto wako mbali. Methanoli hupofusha na kuua, hupenya hata kwenye ngozi, na mwali wake mchana hauonekani vizuri. Chombo cha alumini hakigusi kostiki, maana huliwa kikatoa haidrojeni. Mafuta nayaacha yapoe hadi nyuzi 55, kwa kuwa methanoli huchemka karibu na 65, ndipo naingiza mchanganyiko taratibu.

Pampu inazunguka kwa muda wa saa mbili hivi. Nimesimama kwa sababu nikikaa nitalala. Nachukua mililita 3 za biodizeli, nazitia kwenye mililita 27 za methanoli. Hakuna tone la mafuta lililozama chini. Yote yamegeuka! Uchovu wote huo, na bado nafurahi kila mara nionapo chupa ile iko safi.

Biodizeli ya pipa la asubuhi nayo imekauka maji, unaweza kusoma maandishi kupitia chupa yake. Jirani karudi, anataka lita tano kwa pikapu yake ya zamani. Nimemwambia kwanza abadilishe mipira ya kupitisha mafuta, maana ile ya zamani hulainika ikavuja, tena anunue chujio la akiba, kwa sababu biodizeli itabandua uchafu wa miaka yote uliolala kwenye tangi lake. Akishafunga mipira mipya, aje na dumu.