Septemba Bila Ngurumo

Nimeamka alfajiri hapa Stead, Marekani, nikakaa kitandani natega sikio. Mbwa wa jirani. Lori. Basi. Ni Jumamosi ya katikati ya Septemba 2025, na zamani saa kama hii madirisha yangekuwa yanatetemeka kwa ngurumo za ndege za mashindano.

Nilipoaga Mombasa kwamba naenda nyumbani, watu walinicheka: nyumbani gani tena? Wana haki. Nilizaliwa Makupa, na tangu 2007 naishi huko. Nilirudi kumuuguza nyanya, nikaoa huko huko. Lakini wazazi wangu wako hapa, kaskazini mwa Reno, Nevada, nilikoletwa nikiwa na miaka saba. Katikati nimekuja mara mbili, zote Disemba. Septemba ndiyo niliyokuwa nimeikosa.

Mbio za ndege za Reno zilianza 1964, zikahamia uwanja huu wa Stead 1966. Kwetu ilikuwa kama maulidi: tarehe inajulikana, nguo zimeshapangwa. Mama alikaanga mahamri usiku wa Ijumaa, akajaza chupa mbili za chai ya maziwa, maana jangwa hili liko juu, mita 1,500 na zaidi, na asubuhi baridi yake haina mzaha. Baba alitugawia pamba za masikio. Wenzetu walikuwa na vizibo vya dukani, sisi tulikuwa na pamba ya sanduku la dawa.

Kila mmoja alichagua ndege yake. Baba hakutaka kusikia neno kamari, na huu ni mji ambao mashine za kamari utazikuta hata dukani unaponunua vitunguu. Kwa hivyo tulishindania vyombo: ndege yako ikishindwa, unaosha wiki nzima. Mama hakuchagua kamwe. Alisema yeye ameshaosha vya kutosha.

Kaka yangu alikuwa mtu wa Mustang, ndege ya kivita ya zamani, hasa ile nyekundu iitwayo Dago Red. Mimi nilikuwa na Rare Bear, namba 77, nyeupe yenye pua nene, nayo ni ndege ya kivita ya zamani, aina ya Bearcat. Mustang ina injini ya Merlin, silinda kumi na mbili, na ikikata kona hupiga mluzi. Rare Bear ilikuwa na silinda kumi na nane zilizozunguka kama petali za ua, na yenyewe haikupiga mluzi. Ilinguruma, ukaisikia kifuani kabla ya masikioni.

Mbio hazikuanzia chini. Ndege zilipaa kwanza, zikajipanga ubavu kwa ubavu na ndege ya kuongoza, zikateremka pamoja kutoka upande wa milima. Kisha kiongozi hupanda juu ghafla na kuwaachia njia. Rubani Bob Hoover ndiye aliyeyafanya maneno ya kuwaachia yawe maarufu, na Baba alikuwa na tafsiri yake, aliyoitoa kwa sauti ya mpiga mnada wa soko la Kongowea, Mombasa: "Haya mabwana, mbio hizo!" Wazungu waliokaa karibu wakageuka. Basi zikaja chini, karibu kilomita 800 kwa saa, zikizunguka nguzo zenye mapipa kileleni, kushoto, kushoto, kushoto tu.

Mwaka 2001 mbio hazikufanyika. Ilikuwa wiki ileile ya Septemba 11, na Mama, kwa mtandio wake, hakutoka hata kwenda dukani. Mwaka 2011 nilikuwa Mombasa niliposikia kwamba Mustang moja imeanguka karibu na watazamaji. Watu kumi na mmoja walifariki, rubani akiwemo. Nilipiga simu nyumbani mpaka kidole kikauma. Ilikuwa Ijumaa, wazazi walikuwa wanakwenda kesho yake.

Mbio za mwisho hapa zilikuwa 2023. Bima imepanda, nyumba zimeongezeka, nami nimeyaona maghala yaliyojaa upande huu. Hata siku ya mwisho marubani wawili waligongana wakirudi kutua, wakafa wote. Sasa mbio ziko Roswell, New Mexico. Sina hoja ya kuwapinga waliozifunga, ila moyo hauna habari na bima.

Leo asubuhi nimemkuta Baba uani, kiti kimeelekezwa uwanjani, chai mkononi. Masikio yake yameisha (ile pamba, jamani), kwa hivyo yeye kimya hakimsumbui kama mimi. Ndani Mama amekaanga mahamri bila kuulizwa.

Baada ya kula, nikamkumbusha kaka. Rare Bear ilishinda 2007, akalazimika kuosha wiki nzima, nami nikapanda ndege siku ya tatu. Alisema deni limeshaoza. Mama akamwambia deni haliozi, akamsogezea sahani.

Sasa yuko kwenye karo, mikono imejaa povu, anauliza zimebaki siku ngapi. Nne.