Berlin Ethan Hunt hakukosea. Aulizwe ya Paris

Ubishi wa Mission: Impossible – Fallout, ile ya mwaka 2018, huishia Berlin. Steringi wetu Ethan Hunt anakaribia kuondoka na mkoba wenye viini vitatu vya plutoniamu, malighafi ya bomu la nyuklia, mara rafiki yake Luther anawekewa bastola kichwani. Ethan anamwokoa Luther, mzigo unaondoka na maadui. Kijiwe kinagawanyika: hawa wanasema jasusi ameiuza dunia kwa ajili ya mshikaji mmoja, wale wanasema asiyeweza kumtupa rafiki ndiye wa kukabidhiwa dunia. Mimi naona pande zote mbili zinapigania mahali ambapo hakuna kosa.

Tuanze na mzigo wenyewe. Kiini cha plutoniamu peke yake si bomu. Plutoniamu hutoa chembe za alfa, na chembe hizo huzuiwa hata na karatasi. Luther anaipima kwa fimbo ya beriliamu, na hapo waandishi wa filamu hawakubuni kitu: alfa ikigonga beriliamu, nyutroni, chembe ya ndani ya atomu, hutoka. Kwa njia hiyohiyo James Chadwick aliigundua nyutroni mwaka 1932. Ili kiini kilipuke, lazima kizungushiwe baruti kali zinazowaka kwa wakati mmoja pande zote, zikikandamize sawasawa hadi kisinyae. Upande mmoja ukichelewa kidogo tu, kinapondeka vibaya na mlipuko mkubwa haupatikani. Bomu la Nagasaki, 9 Agosti 1945, lilitumia takribani kilo 6 za plutoniamu, na hesabu za ukandamizaji huo ziliwatoa jasho wanasayansi wa Los Alamos, maabara ya Marekani iliyounda bomu hilo.

Kwa hiyo, tangu mkoba ulipoondoka Berlin hadi mji kuteketea, bado kuna mnunuzi, msafirishaji, fundi wa kuunda bomu, kiwashio na mahali pa kulitega. Kila hatua ni nafasi ya kuwakamata. Risasi ya Luther haina hatua, ikitoka imetoka. Wanaosema "mmoja dhidi ya mamilioni" wanaweka kwenye mizani moja kifo cha hakika cha dakika ile na hatari ambayo bado ina milango mingi ya kuifungia. Hata mhasibu asiye na huruma angemwokoa Luther kwanza. Kosa la Berlin ni la kiufundi: milio ya risasi ilipotulia, hakuna aliyekuwa amebaki na mkoba. Hilo ni suala la mpangilio wa kikosi, tusilipe jina la maadili.

Naelewa kwa nini Dar tunamhukumu kwa ukali. Wasomaji wa Willy Gamba wa Elvis Musiba, tangu Kufa na Kupona ya mwaka 1974, wamezoea jasusi anayetanguliza kazi, na mji huu tangu 1963 ulikuwa makao ya Kamati ya Ukombozi ya OAU, Umoja wa Nchi Huru za Afrika. Siri ikivuja hapa, wapigania uhuru walikufa msituni. Ila kipimo hicho kinamfaa jasusi ambaye njia zote zimeshafungwa mbele yake, na Berlin hazijafungwa.

Baada ya Berlin, Ethan na wenzake wanamlaghai Delbruuk, mtaalamu wa silaha za nyuklia, kwa taarifa ya habari ya uongo kwamba Roma, Yerusalemu na Makka zimelipuliwa, naye kwa furaha anatoa namba ya kufungulia simu yake. Kwangu hicho ndicho kitendo safi kuliko vyote katika filamu nzima. Ni uongo, lakini hakuna mpita njia anayeulipia.

Sasa Paris. Ethan amejivika jina la John Lark, gaidi anayeitafuta plutoniamu, na White Widow, dalali wa silaha, anampa masharti: kiini kimoja sasa, viwili baadaye, malipo yakiwa ni kumtorosha Solomon Lane, gaidi aliye mfungwa, kwenye msafara wa polisi. Mpango anaopewa ni wa kuwaua polisi wote. Ethan anaupiga picha kichwani, anajiona akiua, anaukataa. Siku ya tukio anaubadilisha katikati: gari la Lane linasukumwa hadi Mto Seine, wenzake wanamtoa majini. Tunampigia makofi kwa sababu hakuua polisi.

Kisha inakuja gereji. Askari wa kike, peke yake, anawakuta wakiwa wanaondoka. Ethan anamsihi aende zake. Watu wa White Widow wanatokea na kumpiga risasi, na Ethan anawaua wote wanne, halafu anamwomba msamaha kwa Kifaransa. Ukiangalia toleo la mfasiri anayeongea juu ya picha, tukio hili litakupita, maana uzito wake uko kwenye ukimya. Litafute lenye sauti ya asili.

Luther ni jasusi. Alijua kazi ilivyo, alikubali, na angekufa angekufa kwenye kazi aliyoichagua. Yule askari hakuambiwa kwamba siku hiyo barabara za mji wake zimekuwa uwanja wa mpango wa watu wengine. Dereva wa daladala anayetanua pembeni ya Barabara ya Kilwa, kisha akafunga breki kumkwepa mtoto, amefanya vema kufunga breki, lakini mtoto alikuwa kwenye njia yake ya miguu. Na Lane aliyetoroshwa hakukaa bure: Hunley, bosi wa Ethan, anauawa London katika vurugu zilizofuata, na Lane anafika Kashmir kutega mabomu mawili.

Kashmir yenyewe haina ubishi mkubwa. Dakika 15 zikishaanza kuhesabu, ufunguo lazima uchomolewe kwenye kiwashio, na nyaya za mabomu yote mawili zikatwe kwa pamoja. Kuhamisha kambi ya matibabu iliyo pale haiwezekani. Julia, aliyekuwa mke wa Ethan, anaambiwa ukweli, anabaki kumsaidia Luther. Amechagua akiwa anajua, nafasi ambayo Paris hakuna aliyempa yule askari.

Mtu atauliza, Ethan angefanya nini Paris? Angeweza kumpenyezea habari ofisa mmoja wa Ufaransa, njia ya kutorokea isafishwe. Ndiyo, habari ingeweza kuwafikia watu wa White Widow, dili likafa na viini viwili vikapotea tena. Lakini hatari ya kupoteza mzigo ndiyo hasa aliyoikubali Berlin. Aliikubali kwa ajili ya Luther anayempenda, akaikataa kwa ajili ya mwanamke ambaye alikuwa bado hajamwona. Anayemtetea Ethan wa Paris aanzie hapo.