Neema ya Kituo Njiani

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh, ndugu zangu katika imani.

Skuli zinakaribia kufungwa na wengi wetu tumeshaanza kufunga mizigo: huyu anawapeleka watoto shamba kwa bibi yao, yule anakwenda Pemba, mwengine anavuka bara. Basi Ijumaa hii nimependa tuizingatie aya moja ya safari ambayo huwa tunaisoma na kuipita.

Katika Surat Saba-i, Mwenyezi Mungu anawataja watu wa Saba-i, kule Yemen, na neema Alizowapa. Walikuwa na mabustani mawili, kulia na kushoto. Kisha katika aya ya 18 Anataja neema nyengine: Aliweka njiani mwao miji iliyo dhahiri, mmoja baada ya mwengine, mwendo wake umepimwa, wakaambiwa watembee humo usiku na mchana kwa amani. Yaani msafiri akichoka, pa kutua pako mbele yake. Watoto wakilia kiu, maji yapo.

Wao wakasema nini? "Mola wetu! Weka mwendo mrefu baina ya safari zetu." Vituo viliwachosha. Mwisho wao umo katika aya hiyo hiyo ya 19: wakafanywa masimulizi, wakatawanywa kila upande.

Nikiisoma aya hii nawaona akina baba wa leo. Tunasifiana kwa safari isiyosimama: tumetoka Dar alfajiri, hatukuteremka popote mpaka Moshi. Nyuma ya gari mtoto amebana haja ndogo, mama miguu imemvimba, na sisi tunahesabu saa tulizookoa. Ndugu zangu, hayo ndiyo maneno ya Saba-i, ila tumeyasema kwa vitendo.

Mwenyezi Mungu ametandaza mapumziko ardhini kwa namna nyingi. Katika Bonde la Ufa maji ya mvua huzama chini sana, yakakutana na miamba yenye joto, kisha yakapanda juu yakiwa moto. Yako kando ya Ziwa Manyara, na yako Bogoria kule Kenya, ambako mengine yanatokota hata hayaguswi. Nchi nyengine zenye milima, miji mizima imeota pembezoni mwa chemchemi kama hizo, na familia zikiwa safarini hukata mwendo zikalala hapo, wakubwa na watoto wakaoga, wakaamka miili imelegea. Subhanallah, moto na maji, vitu viwili visivyokaa pamoja, vimekutanishwa ili mja anyooshe mgongo.

Sisi Unguja tunakaa juu ya jiwe la matumbawe, na milima yetu ni vilima tu. Lakini tuna Kidichi. Ni kama kilomita 11 kutoka mjini, kwenye sehemu za juu kabisa za kisiwa hiki, katikati ya mashamba ya viungo. Hapo mwaka 1850 Seyyid Said, Sultani wa Oman na Zanzibar, alimjengea mkewe Shahrazad, mjukuu wa Shah wa Uajemi, nyumba ya kuogea, wapumzike wakitoka kuwinda au kukagua mashamba. Kuta za ndani zina lipu iliyochongwa kwa mtindo wa Kiajemi: maua, mitende na ndege. Mwaka 1856 Seyyid Said alifariki baharini, akiwa njiani kurudi Unguja kutoka Oman. Mwenye kituo naye alikuwa msafiri, Allah amrehemu. Ukiwa unakwenda shamba na watoto, shuka pale nusu saa. Waonyeshe zile kuta, waache wanuse majani ya mdalasini.

Sasa nataka tukae kidogo na kisa kilichomo katika Bukhari na Muslim. Mtume, swalla Allahu alayhi wasallam, alikuwa safarini na watu wengi. Mkufu wa Bibi Aisha, radhiya Allahu anha, ukakatika ukapotea. Mtume akasimamisha safari ili utafutwe. Fikirini: msafara mzima umesimama kwa mkufu wa mke, mahali hapana maji, na watu hawana maji. Watu wakamwendea Sayyidna Abubakar kulalamika. Akaja kwa binti yake, akamlaumu, akawa anamdukua ubavuni kwa mkono. Bibi Aisha anasema hakuweza hata kutikisika, maana Mtume alikuwa amelala, kichwa chake kipo pajani mwake.

Baba amekasirika, watu wananung'unika, na Mtume wa Mwenyezi Mungu amelala usingizi. Kulipokucha hakuna maji, ikateremka aya ya kutayamamu, yaani kujitwaharisha kwa udongo safi pahala pa maji. Usayd bin Hudhayr akasema kuwa hiyo si baraka ya mwanzo kutoka kwa jamaa wa Abubakar. Na ngamia aliponyanyuliwa, mkufu ulikuwa chini yake.

Kila mgonjwa asiyeweza kutia maji mwilini, kila msafiri aliyeishiwa na maji njiani, hadi leo anakula matunda ya kituo kile ambacho watu walikiona ni kuchelewa.

Wanaovuka kwenda Pemba au bara, msisahau pia ruhusa ya kupunguza swala. Sayyidna Umar alimuuliza Mtume juu yake, akajibiwa kuwa ni sadaka aliyoitoa Mwenyezi Mungu, basi ipokeeni sadaka yake. Mwenye shaka juu ya masafa amuulize shekhe wake kabla hajapanda boti.

Lililobaki ni la akina mama, nalo linaniuma. Mara nyingi tukisimama kupumzika, wanaopumzika ni sisi. Mama akiteremka tu anatandika mkeka, anafungua deli la sambusa, anamimina chai, anamfuta mdogo pua, na chai yake mwenyewe anainywa imeshapoa. Bibi Aisha aliulizwa Mtume akifanya nini nyumbani, akasema alikuwa katika kuwahudumia watu wake. Basi safari hii, baba, chupa ya chai ishike wewe. Mtoto mpeleke wewe chooni. Mama mmiminie wa kwanza, na gari lisiwashwe mpaka aseme mwenyewe kwamba ameshapumzika.